Oneni shimo kabla ya zege: barua ya wazi kwa wasimamizi wa majengo Mombasa

Kwa waheshimiwa wa Serikali ya Kaunti ya Mombasa mnaosimamia ardhi, mipango na majengo. Kwa wakaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Na kwa wahifadhi wa Mji wa Kale.

Waheshimiwa,

Salamu na heshima kwenu. Tunawaandikia kuhusu kazi ambayo ikishaisha haionekani, na kwa kuwa haionekani ndiyo maana hufanywa ovyo. Ni kazi ya kushusha msingi wa nyumba iliyokwisha kujengwa: kuchimba chini ya ukuta uliosimama, kipande baada ya kipande, na kuuwekea zege jipya linalofika kwenye ardhi ngumu zaidi. Ombi letu ni moja, na mengine yote humu ni ufafanuzi wake. Kibali cha kazi hii kisitolewe kwa jumla, kama kibali cha kuziba plasta na kupaka rangi. Kitolewe pamoja na mchoro wa vipande vyenye namba, na mkaguzi alione kila shimo kabla halijatiwa zege.

Kwa sasa nyumba ikipasuka huwa na njia mbili. Mwenyewe huziba nyufa, akapaka rangi, akaomba Mungu mpaka masika ijayo. Ama hupigwa alama ya X nyekundu ya jengo la hatari, wapangaji wakatoa magodoro nje, na jengo likakaa hivyo hivyo miaka, halikutengenezwa wala halikubomolewa. Zipo nyumba zinazostahili X, hilo hatulibishi. Lakini nyingi zimekosa kitu kimoja tu, ardhi ya kukanyaga, na hiyo unaweza kuzipa.

Fort Jesus, iliyojengwa kuanzia 1593, mwamba wake ulipoanza kuliwa na mawimbi haikupigwa X. Ulijengwa ukuta upande wa bahari ili ule mwamba unaoibeba ngome usizidi kumong'onyoka. Hakuna aliyedhani kwamba kupaka chokaa kule juu kungetosha. Nyumba ya kawaida ya Kibokoni au Majengo nayo ina haki ya kutazamwa kuanzia miguuni.

Ardhi yetu si moja, na hapa ndipo vibali vya jumla hukosea. Kisiwani sehemu kubwa tunakaa juu ya matumbawe ya kale. Mwamba huo ukiwa mzima hubeba ghorofa kadhaa bila taabu. Lakini ni mwamba wa chokaa: maji ya mvua na maji machafu huuyeyusha polepole, kizazi baada ya kizazi, ukabaki na mapango na mifereji, mingine imejaa udongo mwekundu na mingine mitupu. Juu unaweza kukuta gamba gumu la nusu mita, na chini yake hamna kitu. Ukivuka kwenda Changamwe, Mikindani na Miritini, mwamba ni tope la zamani lililogandamana. Ukioza hutoa udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kunywea wakati wa kaskazi. Kisauni na Likoni, sehemu nyingi ni mchanga. Dawa ya nyumba ya Kibokoni ikipelekwa Mikindani inaweza kuiumiza.

Kisha kuna maji tunayoyamwaga wenyewe. Mitaa mingi haina bomba la maji taka, kwa hiyo kila ndoo ya bafuni na jikoni huingia kwenye shimo lililo ndani ya kiwanja hicho hicho, mara nyingi hatua mbili tatu kutoka ukutani. Wahandisi hupenda shimo la kunyonya maji likae mita 5 mbali na nyumba. Mji wa Kale mita 5 ni nyumba ya jirani wa pili. Basi maji yale hushuka kando ya msingi, huosha chembe ndogo za udongo na kuzipeleka kwenye mianya ya mwamba. Udongo hauliki kwa siku moja. Ukuta hukaa kama jahazi lililowekwa gadi, yaani magogo ya kuliegemeza, ufukweni, kisha gadi moja ikaanza kuzama mchangani: haliangukii hapo hapo, ila mbao zake zinaanza kulia.

Kilio hicho ndicho ufa, na ufa una lugha yake. Ufa wa mshazari unaopanuka kadiri unavyopanda juu, karibu na pembe ya nyumba, husema kwamba pembe inazama na kujitenga na nyumba. Ukiwa mpana chini na mwembamba juu, katikati ya ukuta ndiko kunakokwenda chini. Nywele nywele za plasta hazina neno: bandua plasta ukanda wa sentimita 30 na utazame kama jiwe lenyewe limepasuka. Kipimo kinachotumiwa na wahandisi wengi ni rahisi kukikumbuka. Ufa usiofika milimita 5 kwa kawaida ni kazi ya plasta na rangi. Wa milimita 5 hadi 15 unataka uchunguzi na pengine kujenga upya sehemu ya ukuta. 15 hadi 25 ni hatari kubwa. Ukizidi 25 ondoa watu kwanza, maswali baadaye.

Lakini upana peke yake hausemi kama ufa unatembea. Kuna nyufa za milimita 12 zilizotulia tangu zamani, na kuna za milimita 3 zinazokua kila wiki. Mafundi wetu hubandika kipande cha kioo juu ya ufa, kikivunjika wanajua. Si vibaya, ila kioo husema ndiyo au hapana tu. Bora misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, na umbali baina yake upimwe kwa kalipa, kifaa cha kupima umbali mdogo, kila wiki, ukisomwa hadi sehemu ya kumi ya milimita. Pamoja na hayo ziwekwe alama nane hivi kuzunguka nyumba, usawa wake ukipimwa kwa darubini ya mpimaji kutoka kwenye nukta isiyohusiana na nyumba hiyo. Mpira uliojazwa maji wa kupimia usawa nao hufaa pale ambapo darubini haipatikani, ila kosa la milimita 2 au 3 ni la kawaida. Miezi mitatu ya vipimo huonyesha mengi. Kwenye mfinyanzi wa Mikindani miezi mitatu haitoshi, maana ufa unaofunguka Februari unaweza kufunga wenyewe Mei. Huko vipimo vivuke kiangazi na masika.

Ndipo lichimbwe shimo la majaribio, na tunasisitiza yawe mawili: moja penye ufa, jingine penye ukuta mzima. Jibu limo katika tofauti yao. Shimo la mita moja kwa mita moja, kando ya ukuta, lishuke mpaka uso wa chini wa msingi uonekane, kisha lizidi kidogo. Nyumba nyingi za zamani mtakuta msingi wake ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa, upana wake umezidi ule wa ukuta kidogo sana au haukuzidi kabisa, na kina chake hakifiki mita moja. Mwamba ukionekana, upigwe mtaimbo. Mwamba mzima hulia kwa sauti kali na mkono hutetemeka. Wenye pango chini yake hujibu kwa sauti nzito, kama sanduku tupu. Sikio halitoshi, hivyo itobolewe tundu ya mita 1.5 kwa drili ndogo kwenye kila kitako kipya, yaani pale zege jipya litakapokaa: drili ikiporomoka ghafla, pango limepatikana kabla halijaipata nyumba.

Mkisha kujua hayo ndipo mnaweza kusema kama msingi unahitaji kushushwa. Pengine hauhitaji. Mara nyingi tiba ni kuhamisha shimo la maji, kurekebisha bomba linalovuja, au kukata mwarobaini ulioota ukutani, kisha kungoja. Anayeshusha msingi bila kuziba maji anaupeleka ukuta chini kukutana na adui yule yule.

Sasa kazi yenyewe, tuiseme kwa hesabu, ili mkaguzi awe na cha kumuuliza fundi.

Chukueni ukuta wa mita 12, unene wa sentimita 50, unaopanda mita 7. Kila mita ya urefu wa ukuta huo ina uzito wa tani 6 hadi 7 kabla hamjahesabu dari, boriti, matangi na watu. Ukichimba chini ya ukuta kwa urefu wa mita moja, mzigo huo hausimami hewani. Ukuta hujitengeneza kama tao na kuutupa kwa majirani wa kushoto na kulia. Ndiyo maana kazi inawezekana, na ndiyo maana ina mpaka. Robo ya urefu wa ukuta ndiyo ya mwisho kuachwa wazi kwa wakati mmoja, na hapo ukuta uwe na afya. Ukuta wa matofali au mabloki mazuri unaweza kuvumilia kipande cha hadi mita 1.4. Ukuta wa zamani wa matumbawe, ambao katikati yake mara nyingi ni kifusi na chokaa, hauna tao la kutegemewa: kipande kisizidi sentimita 90, na penye jiwe legelege sentimita 70. Mfano wetu wa vipande vya mita moja uchukueni kwa ukuta wa mabloki.

Vipande 12, basi, vipewe namba kwa rangi ukutani. Mzunguko wa kwanza ni 3, 7 na 11. Wa pili ni 1, 5 na 9. Wa tatu 2, 6 na 10, na wa mwisho 4, 8 na 12. Kwa mpango huo hakuna vipande viwili vinavyogusana vilivyo wazi pamoja, na pembe za nyumba haziguswi mpaka ukuta umekwisha kupata miguu mipya mahali patatu. Pembe inapofunguliwa, ukuta unaokutana nao hapo usiwe na shimo.

Kila kipande huanza na shimo la kazi mbele ya ukuta, upana wa kumtosha mtu kuinama na sururu. Likizidi mita 1.2 kwenda chini, kuta zake zizuiwe kwa mbao na mihimili, hata kama udongo unaonekana mgumu. Kutoka hapo fundi huingia chini ya msingi wa zamani hadi upande wa pili. Tunarudia, hadi upande wa pili. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni fundi kuchimba kwa nje tu, akafika nusu ya unene, akajaza zege. Ukuta sasa una mguu upande mmoja, na mzigo wake haupiti katikati ya kitako. Kitako huzunguka, ukuta huinamia ndani, na mwenye nyumba hukuta nyufa mpya pale ambapo hazikuwapo, baada ya kulipa.

Chini ya msingi wa zamani pasafishwe kwa brashi ya chuma, mawe yanayocheza yaondolewe. Sakafu ya shimo iwe mwamba au ardhi iliyoidhinishwa, kavu, bila udongo uliolegea. Pasiwekwe kifusi "kuokoa zege". Hapa ndipo tunapomtaka mkaguzi aliye na buti: ashuke, agonge mwamba, aone tundu la drili, atie sahihi. Zege likishamwagwa, hata mhandisi bora hawezi kujua limekaa juu ya nini.

Kitako cha mfano wetu kina upana wa sentimita 70 na kina cha mita 1.2, sawa na mita za ujazo 0.84 kwa kipande. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani simiti moja, mchanga mbili na kokoto nne, hiyo ni mifuko mitano na nusu ya simiti ya kilo 50, mchanga kama mita za ujazo 0.38 na kokoto mara mbili ya hapo. Maji yasizidi lita 27 kwa mfuko. Ukuta mzima hula mifuko 65 hivi, na ya mota kavu ya kuzibia juu ya zege, tutakayoieleza, ikiongezwa inafika 70 na kidogo. Fundi akiwaletea hesabu ya mifuko 30 kwa ukuta wa aina hiyo, hamtahitaji kuchimba kujua alichokusudia. Mchanga uwe wa mto au wa machimbo, uliooshwa. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi huila nondo kutoka ndani, ikaivimbisha mpaka zege likapasuka. Ubavuni mwa kila kipande ziachwe nondo za milimita 16 zimechomoza, ili kipande jirani kishikane nacho.

Zege lisifike kwenye msingi wa zamani. Hili huwashangaza wengi. Liachwe pengo la sentimita 7 na nusu hivi. Zege likishika hunywea; likijazwa mpaka juu, baada ya siku chache kutakuwa na uwazi mwembamba kama wembe, nao unatosha kwa ukuta kushuka na kupasuka upya. Pengo hilo huzibwa baada ya saa 48 kwa uchache, na siku tatu ikiwa simiti ni ya daraja la 32.5, kwa mota kavu ya simiti moja kwa mchanga mkali tatu. Mota hii ina mtihani wa mkononi. Ichote, ifinye ngumi, fungua kiganja. Donge likae na alama za vidole, na kiganja kibaki na unyevunyevu tu. Likivunjika, nyunyiza maji kidogo. Likimeremeta, maji yamezidi, na hiyo nayo itanywea kama zege. Hushindiliwa kwa kipande cha mti mgumu na nyundo, kwa matabaka madogo, kuanzia nyuma kuja mbele, hadi mti urudi mkononi kana kwamba umepiga jiwe. Ni kazi ya kuchosha mabega, hufanywa katika nafasi ambayo mtu hawezi kujinyoosha, na ndiyo ya kwanza kurukwa jua likizama. Huu uwe ukaguzi wa pili wa mkaguzi: pengo likiwa wazi, kabla halijazibwa. Baada ya mota kavu ni siku moja au mbili tena kabla ya mzunguko unaofuata.

Kwa mwendo huo kila mzunguko huchukua siku sita hivi, na ukuta mmoja hula wiki nne. Mwenye nyumba atawaambia kuna fundi aliyeahidi kumaliza kwa siku nane. Huyo atachimba ukuta mzima kwa pamoja. Hakuna hila nyingine ya kufika siku nane.

Karibu na ufuko ongezeeni kalenda ya bahari. Maji yaliyomo ndani ya matumbawe hupanda na kushuka pamoja na bahari, na wakati wa bamvu, bahari inapopanda na kushuka sana, shimo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kuwa na maji alasiri. Vipande vyenye kina zaidi vipangwe wakati wa maji mafu, bahari inapopanda kidogo. Wala isianzwe kazi hii Aprili.

Mchangani hadithi ni nyingine. Shimo la mkono likifika kwenye maji, mchanga hukimbia kama unga: unachimba chini ya nyumba yako na unaoutoa ni wa chini ya nyumba ya jirani. Kwa Kisauni na Likoni penye maji ya juu msiruhusu vipande vya kuchimba. Huko zinatakiwa nguzo nyembamba za kushushwa ardhini, kipenyo cha sentimita 15 hadi 20, kwa mashine ndogo inayopita mlangoni, zikiwekwa mbili mbili pande zote za ukuta na kuunganishwa na boriti ya zege inayopenya chini yake. Ni ghali zaidi, na hakuna njia ya mkato. Na kwenye mteremko wa Mikindani, ambako udongo wenyewe unatembea kushuka, kitako kipya husafiri pamoja na udongo. Huko anzeni na mifereji na ukuta wa kuzuia ardhi.

Kuna na wauzaji wa tiba ya sindano: toboa mashimo, piga rojo la simiti, pokea pesa, ondoka kabla ya magharibi. Kujaza pango linalojulikana kwa rojo ni kazi halali na tunaifanya. Kupiga rojo bila kujua liendako ni kitu kingine. Mnara wa Pisa kule Italia ulifanyiwa hivyo 1934: yalitobolewa mashimo 361 kwenye kitako chake, yakamiminwa kiasi cha tani 90 za rojo, na mnara ukazidi kuinama. Uliokolewa miongo mingi baadaye kwa kutoa udongo kidogo kidogo upande wa pili, ukafunguliwa tena kwa watu 2001. Kisiwani petu rojo lina hatari nyingine pia, linaweza kupita kwenye mfereji wa mwamba na kuziba kisima cha msikiti au kurudisha maji taka ya mtaa mzima. Nyumba za Mji wa Kale zisipigwe rojo la simiti kali ndani ya kuta. Chokaa hupumua na kukubali kusogea. Simiti haikubali, na jiwe laini la matumbawe ndilo hupasuka. Rojo la huko liwe la chokaa.

Kosa jingine ni la huruma mahali pasipofaa. Mwenye nyumba ana pesa za upande mmoja tu, basi anashusha msingi wa pembe iliyozama na kuacha kwingine. Sasa pembe ile imekaa juu ya mwamba na nyumba iliyobaki iko juu ya udongo unaoendelea kushuka. Ufa unahama mita tatu na kuanza upya. Ikiwa ni lazima kushusha sehemu, basi vitako vipungue kina kwa ngazi, kila kimoja kikiwa kifupi kidogo kuliko kilichotangulia, ili nyumba isivukie ghafla kutoka kugumu kwenda kulaini.

Tumewaachia mwisho jambo linalowahusu nyinyi kuliko mafundi: jirani anayechimba. Kiwanja cha nyumba ya Kiswahili kinauzwa, nyumba inabomolewa, na mwekezaji anachimba shimo la mita tatu kwa ajili ya tangi au maegesho, ukuta kwa ukuta na nyumba ya zamani ambayo msingi wake hauzidi sentimita 80. Kanuni inayojulikana na kila mhandisi ni hii: kutoka ukingo wa chini wa msingi wa jirani chora mstari unaoshuka kwa nyuzi 45 kuelekea kwenye shimo. Shimo likikata mstari huo, msingi wa jirani ushushwe au uegemezwe kabla ya kijiko cha kwanza cha mashine ya kuchimba, kwa gharama ya anayechimba. Mstari huo unaweza kuchorwa kwenye kila ombi la ujenzi linaloletwa chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kwa sasa nyumba ya jirani kwenye michoro mingi ni mstatili mtupu ulioandikwa "jengo lililopo". Hauna msingi, hauna kina, hauna watu. Msipokee mchoro wa namna hiyo. Na mwenye kuongeza ghorofa mbili juu ya msingi uliojengewa moja aulizwe vivyo hivyo, maana yeye anauchimba msingi wake kwa kuulemeza kutoka juu.

Kanuni za Ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968, hivyo huu ni wakati wa kuandika taratibu za kaunti bila kungoja janga. Tunaloliomba halihitaji ofisi mpya. Fomu moja yenye mchoro wa vipande na safu tatu za sahihi kwa kila kipande: shimo likiwa tupu, pengo likiwa wazi, mota ikiwa imeshindiliwa. Tarehe na saa kwenye kila sahihi, ili ionekane kama saa 48 zilingojewa. Picha ya kila sakafu ya shimo ikiwa na rula ndani yake. Vipimo vya misumari viendelee miezi sita baada ya kazi, na nakala ikae kwenye jalada la kiwanja, atakayenunua nyumba hiyo kesho ajue imesimama juu ya nini. Na X isipigwe kwenye nyumba yenye ufa wa chini ya milimita 15 kabla ya mashimo mawili ya majaribio kuchimbwa, isipokuwa pale ukuta umeinama kutoka kwenye timazi kiasi cha kuonekana kwa macho au boriti zimeanza kuchomoka ukutani.

Mtasema wakaguzi ni wachache. Ukuta wa mita 12 wenye mizunguko minne unahitaji ziara 12: mara nne shimo tupu, mara nne pengo, mara nne mota. Mkaguzi mmoja, nyumba tano kwa mwezi, ni ziara 60. Kama hata hizo haziwezekani, basi ziara ya kwanza ya kila mzunguko isikosekane, ile ya shimo tupu. Nyingine mhandisi aliyesajiliwa aziwekee sahihi na ajibu kwa jina lake.

Rasimu ya fomu hiyo, ukurasa mmoja, tumeiandaa kwa Kiswahili ili msimamizi wa vibarua aisome mwenyewe akiwa shimoni. Tuko tayari kuileta mezani kwenu siku yoyote mtakayotuita, ila ikiwezekana kabla ya masika.

Wenu,
Wahandisi na mafundi wa misingi, Mombasa